Kompyuta haijaguswa usiku kucha, asubuhi GB 2 hazipo. Zinakwenda wapi?

#1 Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nahariri video za harusi nikiwa nyumbani, Tabata. Mashine ni desktopu ya HP ya mtumba, RAM GB 8, nilinunua Kariakoo ikiwa imeshapigwa Windows 10. Ruta sina. Intaneti natoa kwenye simu, nachomeka waya wa USB, kompyuta inakula bando la simu.

Kazi ikiwa kubwa naiacha inarenda (inaunganisha vipande kuwa video kamili) mpaka asubuhi. Sasa sikieni. Juzi saa 4 usiku nimeangalia salio, GB 7.4. Nikafunga Chrome, sikuacha dirisha hata moja, nikaenda kulala. Saa 12 asubuhi salio GB 5.3. Jana nikarudia makusudi, yaleyale. Nikafungua Task Manager, naona kitu kinaitwa Service Host kinapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa.

Kinachonitoa jasho si hizo GB zenyewe. Windows inasema nilichotuma ni kikubwa kuliko nilichopokea. Mimi nimelala, mke wangu kalala, mteja bado hajatumiwa kitu. Namtumia nani, nini?

#2 Sina_Bando
Nimevuta kigoda. Ugonjwa huu na mimi ninao.

#3 Babu_Kijiko
Kijana usihangaike na kompyuta, ni mitandao ya simu hiyo. Mimi simu yangu ya batani haijui hata intaneti ni nini na bado nakatwa. Wakiona umelala wanachota.

#4 Ngalawa
Babu shikamoo. Siku nyingine ningekuunga mkono, ila hapa mtoa mada kasema Windows yenyewe ndiyo imehesabu. Kampuni ya simu haina mkono wa kufika kwenye kaunta ya kompyuta yake. Hicho kitu kimetoka ndani ya mashine.

Halafu tuangalie kiasi. GB 2.1 kwa saa 8 ni wastani wa KB 73 kwa sekunde. Si mtu anayepakua filamu huyo. Ni kitu kinanyonya taratibu, hakina haraka.

#5 Dagaa_Mkavu
KB 73 tu? Kwangu Task Manager usiku inaonyesha 600. Kwa hiyo mimi naibiwa mara nane yake?

#6 Ngalawa
Hapana mkuu, mko sawasawa. Task Manager inaandika Kbps, ile b ndogo ni biti. Gawa kwa 8 upate baiti, 600 inakuwa 75. Ingekuwa KB 600 kwa sekunde, kwa saa 8 ungeteketeza zaidi ya GB 17 na ungeshatuandikia kutoka hospitali. Wauza intaneti wote wanatangaza kasi kwa biti kwa sababu namba inakuwa nene, ila bando wanakuuzia kwa baiti.

#7 Babu_Kijiko
Si nilisema ni wezi.

#8 Fundi_wa_Usiku
Kesi hii naifahamu, nashika mashine za watu kila siku. Jina lake Delivery Optimization. Ilikuja na Windows 10 mwaka 2015. Badala ya kila kompyuta kwenda kuchota apdeti kwenye seva za Microsoft, kompyuta zinagawiana vipande zenyewe kwa zenyewe. Yako ikishapakua inageuka genge la mtaani, wenzako wanapita kuchukua kwako. Kule ambako intaneti hailipiwi kwa kipimo mtu anaishi nayo miaka bila kujua. Sisi wa bando ndio tunalia.

Ingia Settings, Update & Security, Delivery Optimization. Kuna swichi ya kuruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine, chini yake chaguo mbili: kompyuta za mtandao wako wa ndani tu, au pamoja na za kwenye intaneti. Kama iko hiyo ya pili, umepata mchawi wako. Bonyeza pia Activity monitor, itakuonyesha mwezi huu umewapakia wengine kiasi gani.

Service Host usiiogope. svchost.exe ni daladala, huduma za Windows ndizo abiria. Ukiliona linakimbia barabarani hujui ndani kapanda nani. Fungua Command Prompt, andika tasklist /svc, utaona kila svchost imebeba nini. Ukiikuta DoSvc kwenye ile inayokula data, ndiyo hiyo ninayoisema.

#9 Mtoto_wa_Posta
Fundi, heshima yako, lakini Windows 10 si ilishazikwa Oktoba 2025? Apdeti gani sasa anagawa? Genge halina mchicha.

#10 Bi_Karanga
#9 hujakosea tarehe, ni 14 Oktoba 2025. Ila kilichokoma ni masasisho ya bure ya Windows yenyewe. Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, bado inaletewa orodha mpya za virusi, na Microsoft wamesema wataendelea mpaka Oktoba 2028. Edge nayo inajisasisha, programu za Store zinajisasisha. Tena kuna waliojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Mchicha umepungua, haujaisha.

Ila na mimi nina wasiwasi na maelezo ya #8. Orodha ya Defender siyo mzigo wa kukufanya utume GB nzima kwa usiku mmoja, mara mbili mfululizo.

#11 Njugu_Mawe
Mnazunguka mbuyu. Mtu kasema mashine ya mtumba, imeshapigwa Windows. Imepigwa na nini? Kibatari, hiyo Windows umelipia leseni au ilikuja na aktiveta, kile kijiprogramu cha kuifanya ionekane imelipiwa?

Mimi nilikuwa na laptopu hivyohivyo. Kijana wa duka alizima antivairasi "ili aktiveta isisumbuliwe", akaweka, akasahau kuiwasha. Au hakusahau. Miezi minne baadaye naambiwa barua pepe yangu imefunguliwa kutoka nchi ambayo sijui hata bendera yake. Kitu cha kwanza unachoelekezwa kwenye kila aktiveta ni kuzima mlinzi. Mgeni anayekwambia umfunge mbwa kabla hajaingia, anakuja kufanya nini?

#12 Mtoto_wa_Posta
Na programu ya kuhariri harusi uliinunua, au nayo "imeshapigwa"?

#13 Sina_Bando
Mtoa mada kaenda kuswali ghafla.

#14 Mama_Sukari
Jamani msinicheke. Mwaka jana nilifungua Resource Monitor nikaona kompyuta yangu inazungumza na kitu kinaitwa 1e100.net. Moja, e, mia moja. Nikasema hili ni jina la majini. Nikampelekea kijana akapiga fomati kwa elfu 25. Nimerudi nyumbani, nimefungua Chrome tu, 1e100.net hiyo hapo!

#15 Ngalawa
Mama Sukari pole kwa elfu 25. 1e100 ni moja yenye sifuri mia nyuma yake. Namba hiyo kwa wanahisabati inaitwa gugoli, na kampuni ya Google ilichukulia jina lake hapo. 1e100.net ni jina la seva zao wenyewe. Ukifungua YouTube, Gmail, hata ukurasa wenye ramani yao, utaiona.

#16 Mama_Sukari
Elfu 25 yangu.

#17 Jirani_Mwema
Kuna mwaka niliona kompyuta inauliza ukurasa unaitwa msftconnecttest kila ikiwaka. Nikadhani napelelezwa. Kumbe ni Windows inapima kama intaneti ipo: inaomba kijifaili kimoja chenye maneno matatu tu, "Microsoft Connect Test", ikiyapata inajua mambo safi. Ndiyo maana Wi-Fi ya hoteli inakuletea ukurasa wa kuingiza namba ya chumba. Baiti chache sana, hazimalizi bando la mtu.

Ukiorodhesha vitu vidogo vya aina hiyo hutalala. Saa inajirekebisha kupitia poti 123 (poti ni mlango wenye namba wa kupitishia data). Kompyuta inapiga hodi mtandaoni kutafuta printa na TV, poti 1900 na 5353, na hizo haziendi hata nje ya nyumba.

#18 Dagaa_Mkavu
Jirani Mwema, na wewe jina lako hilo kwenye uzi wa watu wanaoibiwa bando...

#19 Jirani_Mwema
😂😂 Mimi nina fiber yangu mkuu.

#20 Pweza_wa_Mombasa
Salaam wanajukwaa. Mie niko Mombasa, tuna Wi-Fi ya jengo. Nilikuwa nalaumu kompyuta kama Kibatari mpaka nilipoingia kwenye ruta nikahesabu vyombo: 14. Nyumba ina watu wanne. Mtoto alikuwa amewaonyesha wenziwe ile QR ya nywila kwenye simu, kila mmoja kaipiga picha.

Nikasema nitawajua kwa anwani za MAC, maana tarakimu za mwanzo husema kiwanda kilichotengeneza chombo. Wapi! Simu za siku hizi zinabuni MAC ya uongo kwa kila Wi-Fi. Utazijua kwa herufi ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, basi hiyo ni ya kubuni. Kati ya zile 14, tisa zilikuwa hivyo. Nikabadilisha nywila, kelele zikaanza ghorofa ya juu, hapo ndipo nikawajua.

#21 Ngalawa
Pweza, kisa kitamu, ila mwenzetu anatumia waya wa USB. Kwenye waya hakuna jirani. Labda kama hotspoti ya simu nayo iko wazi, na hapo kaunta ya Windows isingeonyesha.

#22 Kibatari
Nimerudi. Umeme ulikatika, sikwenda kukwepa swali la #12 (swali la #12 nalipita).

Fundi, nimeingia ulikonielekeza. Swichi ilikuwa imewashwa, chaguo lilikuwa la pili, la intaneti. Ila Activity monitor inasema mwezi huu nimepakia kwa wengine MB 212 tu. Sasa usiku mmoja unatoa zaidi ya GB!

Halafu nimeandika netstat -ano, inaorodhesha miunganisho ya mtandao, kama nilivyoona kwenye uzi mwingine. Naona poti 445 LISTENING, 7680 LISTENING, muunganisho kama nane hivi ESTABLISHED kwenda 443, na mmoja unaenda nje ya nchi kwenye poti 7777, PID (namba ya programu) 4312. Kuna mingine mingi imeandikwa TIME_WAIT, PID 0. PID 0 ni nani??

#23 Fundi_wa_Usiku
PID 0 si mtu. TIME_WAIT ni muunganisho uliokwisha kufungwa, Windows inaushikilia kidogo isije pakiti iliyochelewa ikaingia kwenye mazungumzo mengine. Hauna mwenyewe tena, ndiyo maana unaandikiwa sifuri.

7680 ndiyo poti ya Delivery Optimization, kwa hiyo nilikuwa kwenye njia.

#24 Bi_Karanga
LISTENING maana yake mlango upo na mtu amekaa nyuma yake. Haina maana kuna mgeni kaingia. Tena kwenye intaneti ya simu wengi tuko nyuma ya NAT ya kampuni, anwani moja ya nje tunachangia watu kibao. Kompyuta ya mgeni haiwezi kugonga mlango wako kirahisi. Kwa hiyo fundi, hao wateja wa genge wanafikaje Tabata?

#25 Fundi_wa_Usiku
Kwa Teredo, njia ya Windows ya kupitisha IPv6 ndani ya IPv4, poti 3544 ya UDP. Inatumika hasa kupenya NAT. Na yako inaweza kuanza kumpigia mwenzake kutoka ndani.

#26 Bi_Karanga
Sawa, njia ipo. Ila namba ni MB 212 kwa mwezi. Na wewe usiipende sana nadharia yako.

#27 Njugu_Mawe
Hiyo 7777! Poti ya 7777 inayokwenda nje ya nchi, na bado mnabishana kuhusu mchicha?

#28 Ngalawa
Poti peke yake si ushahidi. Michezo ya mtandaoni inatumia poti za namna hiyo, na kirusi mwenye akili anapita 443 kama watu wote, anajichanganya kwenye msafara. Kibatari, PID 4312 ni programu gani? Task Manager, Details, panga kwa PID.

#29 Kibatari
Nimeangalia sasa hivi, 4312 haipo. Nilikuwa nimeiwasha upya baada ya umeme kurudi.

#30 Sina_Bando
Mshukiwa katoroka.

#31 Ngalawa
PID zinagawiwa upya kila mashine ikiwaka. Ikitokea tena usizime. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika netstat -abno, jina la programu litaandikwa palepale. Au weka TCPView, kijiprogramu kidogo cha Sysinternals, unaona kila mstari na jina lake mubashara.

#32 Mkulima_wa_Vitunguu
Mimi nina kisa kingine. Uliwahi kuweka VPN ya bure, zile programu za kupitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine? Niliweka mwaka ule mitandao ya kijamii ilipokuwa haifunguki mpaka upite kichochoroni. Sikuitoa. Bando likawa linaisha, na zilizotumwa na zilizopokewa zinalingana kama mapacha. Hiyo ndiyo dalili. Ukiona zinalingana, kuna mtu anapitia kwako: anaomba kitu, wewe unakipokea kisha unamtumia. Umekuwa daraja.

Hii si hadithi ya kijiweni. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao ulioitwa 911 S5. Ulikuwa umeingia kwenye kompyuta za watu wa kawaida kupitia VPN za bure, anwani za IP zaidi ya milioni 19, nchi zaidi ya 190. Wahalifu walikuwa wanakodishiwa hizo anwani, wanafanya utapeli wao, na inaonekana umeufanya wewe ukiwa umelala na mkeo.

#33 Kibatari
Mkulima umenitisha. VPN niliweka, ndiyo. Niliitoa. Nadhani niliitoa.

#34 Mtoto_wa_Posta
"Nadhani niliitoa" ni maneno ya mwisho ya watu wengi.

#35 Babu_Kijiko
Enzi zetu kirusi kilikuwa cha heshima, kinakuja kwa flashi, unakiona. Unachomeka, mafolda yote yanageuka shotikati. Siku hizi kimefichwa.

#36 Ngalawa
Babu, nacho kilikuwa kinajificha. Conficker alitokea Novemba 2008, akaingia kwa flashi na kwa poti ile ile ya 445 iliyoko kwa Kibatari. Na kiraka cha lile tundu kilikuwa kimetoka Oktoba, mwezi mmoja kabla. Waliokuwa na Windows ya magendo walikuwa wamezima masasisho wasigundulike, ndio waliovuna. Mei 2017 WannaCry akarudia mchezo uleule: kiraka Machi, balaa Mei, poti 445.

Nilikuwa nasimamia kafe ya intaneti kipindi cha Conficker. Kompyuta 11, mteja mmoja mwenye flashi ya CV. Siku mbili sikula.

#37 Babu_Kijiko
Flashi za CV! Kila mtu alikuwa nayo shingoni kama hirizi.

#38 Bi_Karanga
Turudini kwa mgonjwa. Kibatari, video ukishazirenda zinahifadhiwa wapi? Kama ni Desktop au Documents, na OneDrive imewashwa "backup" ya mafolda hayo, basi anayetuma ni wewe mwenyewe. Harusi moja ni GB ngapi? Inaendana kabisa: inarenda usiku, faili linakua, OneDrive inalipandisha. Hii ingeeleza kwa nini kilichotumwa kimezidi, tena usiku wa kazi tu. Na kama mashine ina akaunti ya mwenye mashine wa zamani, basi kuna mtu mahali anaangalia mabibi harusi wa Tabata bila kadi ya mwaliko.

#39 Dagaa_Mkavu
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#40 Kibatari
Zinakaa Desktop kweli. Ila kile kiwingu cha OneDrive ni cha kijivu kina mstari umekikata.

#41 Bi_Karanga
Hicho maana yake hakuna aliyeingia. Basi si yeye. Nilikuwa nimeipenda hiyo nadharia.

#42 Fundi_wa_Usiku
Na wewe usiipende sana.

#43 Bi_Karanga
Umenipata.

#44 Msafiri_wa_SGR
Naomba kuuliza nje kidogo. Yangu ni laptopu, naifunga kabisa, naiweka kwenye begi. Nikifika inakuwa ya moto na hotspoti ya simu inasema chombo kimoja kimeunganishwa. Imefungwa hiyo!

#45 Jirani_Mwema
Haikulala, imefumba macho tu. Laptopu nyingi mpya zina usingizi wa S0, unaitwa Modern Standby, kama simu: skrini inazima ila mtandao unaweza kubaki. Andika powercfg /a, ikikuonyesha S0 Low Power Idle ndiyo hiyo. powercfg /sleepstudy itakuandikia ripoti ya nani alikuwa macho. Ukiwa safarini izime kabisa, usifunge kifuniko tu.

#46 Msafiri_wa_SGR
Asante mkuu, nimeiona S0.

#47 Ngalawa
Kibatari, ngoja tujaribu kwa utaratibu. Umeweka "metered connection", yaani umeiambia Windows kuwa intaneti hii ni ya kipimo?

#48 Kibatari
Niliweka zamani, mkuu. Kwenye Wi-Fi. Ndiyo maana nashangaa.

#49 Ngalawa
Hapo hapo! Waya wa USB Windows haiuoni kama Wi-Fi, inauona kama Ethernet. Ni mtandao mwingine kabisa kwake, na inadhani uko kwenye intaneti isiyo na kipimo. Hata kwenye Wi-Fi alama hiyo inakaa kwa jina la mtandao mmoja tu; ukibadili jina la hotspoti au ukiazima simu ya shemeji, unaanza upya. Mwanzoni Windows 10 haikukubali hata kuweka kipimo kwenye Ethernet, ilikuja na toleo la 1703 mwaka 2017. Nenda Settings, Network & Internet, Ethernet, bonyeza huo mtandao, washa Set as metered connection. Kisha lala.

#50 Kibatari
Wakuu, nimelala na nimeamka.

Usiku wa jana, baada ya kuzima Delivery Optimization na kuweka kipimo kwenye Ethernet: bando limepungua MB 460. Kutoka GB 2 si haba. Ila Windows inasema jumla ni MB 270, na bado kilichotumwa kimezidi kilichopokewa.

#51 Fundi_wa_Usiku
Nimeshinda. Nawasilisha.

#52 Njugu_Mawe
Umeshinda nini? Umebadili vitu viwili kwa mpigo, hujui kipi kimefanya kazi. Na MB 270 zinazotoka zaidi ya zinazoingia ni nani? Kipimo kinawazuia wastaarabu tu. Jambazi hasomi kibao cha "usikanyage majani".

#53 Bi_Karanga
Njugu ana hoja kwa mara ya kwanza. Ila kuna kingine: bando 460, Windows 270. Tofauti ya 190 haikupita kwenye kompyuta.

#54 Babu_Kijiko
Haya, semeni sasa ni nani.

#55 Ngalawa
Babu subiri kidogo. Simu yenyewe nayo inaishi. Ikiwa kwenye chaja usiku ndiyo saa WhatsApp inafanya bakapu na picha zinapanda wingu. Kibatari, usiku mmoja chomoa waya, acha data ya simu imewashwa, uone inakula kiasi gani ikiwa peke yake.

#56 Mkulima_wa_Vitunguu
Na mimi naomba uandike hapa zilizotumwa na zilizopokewa kila moja peke yake. Zikikaribiana ni daraja. Usinipuuze.

#57 Kibatari
Simu peke yake: MB 175. Kwa hiyo Babu samahani.

Mkulima: zilizotumwa 158, zilizopokewa 112. Hazijalingana, wala hazijaachana sana. Sijui hiyo nisome vipi.

#58 Mkulima_wa_Vitunguu
Zinakaribiana.

#59 Fundi_wa_Usiku
Hazikaribiani.

#60 Mtoto_wa_Posta
Inategemea unamdai nani.

#61 Njugu_Mawe
Dawa ni moja: piga fomati, weka Windows halali au Linux, maisha yaendelee.

#62 Jirani_Mwema
Linux nayo si bubu. Ubuntu yangu inaangalia masasisho ya snap mara nne kwa siku bila kuniuliza. Tofauti ni kwamba ukiiambia inyamaze inanyamaza.

Kibatari usipige fomati bado. Ukipiga hutajua kamwe, na kesho ukirudisha programu zako zilezile na aktiveta ileile, mgonjwa anarudi na koti jipya.

#63 Mama_Sukari
Msikilize. Elfu 25.

#64 Kibatari
Leo usiku nina harusi ya Kigamboni ya kurenda, saa tano za video. TCPView nimeshaiweka, nitaiacha wazi. Kuna rafiki kaniambia niweke na Wireshark irekodi kila pakiti, asubuhi niwaletee. 4312 akirudi nitamjua jina.

#65 Sina_Bando
Hiyo Wireshark yenyewe kuipakua ni MB ngapi?